Kelele za Land Cruiser na masikio ya dereva

Magari ya watalii yanapotoka Arusha asubuhi kuelekea Makuyuni na Karatu, dereva mwongozaji hubeba kazi mbili kwa pamoja: kuendesha na kusimulia. Mgeni wa kiti cha nyuma akiuliza jina la mti ulio kando ya barabara, jibu hutolewa kwa kupaza sauti. Dereva mwenyewe huenda asitambue kwamba anapiga kelele. Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo hilo mwaka 1911, kwamba mtu akiwa penye kelele hupandisha sauti bila kukusudia, na hadi leo wanasayansi wanaliita kwa jina lake. Kwa anayezungumza kutwa nzima garini, koo hukauka na sauti huanza kukwaruza kabla jua halijazama.

Koo likipumzishwa hupona, lakini sikio lina habari nyingine. Ndani yake kabisa mna seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91. Si kila gari hufika huko. Hata hivyo redio iliyofunguliwa kwa nguvu ili ishinde ngurumo ya matairi nayo huingia kwenye hesabu ya siku, na kelele iliyo chini ya kiwango hicho bado huchosha na kufanya honi ya gari jingine isisikike upesi.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, hazikuchorwa kwa ajili ya utulivu. Bodi ni la pembe nne, kioo cha mbele kimesimama, na sifa yake kubwa ni uvumilivu. Gari hilo likifika kwa mafundi wa Arusha hukatwa, hurefushwa, huongezewa viti na kuwekewa paa la kuinuka ili wageni wasimame kutazama wanyama. Kila ungio jipya ni njia mpya ya upepo.

Na upepo una hesabu kali. Nguvu ya sauti ya upepo unaogonga bodi hupanda takriban kwa kipeo cha sita cha mwendo, maana yake mwendo ukiongezeka mara mbili, kelele hiyo huongezeka kwa karibu desibeli 18. Dereva akishuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, upepo unapungua kwa karibu desibeli 6 bila kununua chochote. Hakuna zulia la dukani litakaloleta nafuu hiyo kwa bei hiyo.

Kwenye mwendo wa kati, hata hivyo, matairi ndiyo yanayotawala. Tairi la matope lina kashata kubwa zilizoachana. Kila moja hupiga lami na kubana hewa inayotoka kwa kishindo. Watengenezaji hubadilisha ukubwa wa kashata kwa makusudi, ili mapigo yasilingane na kuzaa mlio mmoja unaokera. Zikilika kombo, ufundi huo hupotea na mvumo hurudi. Kuyahamisha matairi nafasi mara kwa mara na kuangalia mpangilio wa magurudumu ni kinga halisi. Gari linaloshinda kwenye lami na changarawe, na kukutana na tope siku chache tu za masika, halina sababu ya kuvaa tairi la matope mwaka mzima. La matumizi mchanganyiko hulitosha.

Kabla ya kununua kitu, chanzo kitafutwe. Mlango ufungwe juu ya kipande cha karatasi, kisha karatasi ivutwe: ikitoka bila ukinzani, mpira wa mlango umechoka mahali hapo. Baada ya hapo maungio ya milango, vioo na paa yafunikwe kwa utepe wa gundi wa wapaka rangi, na gari lirudi barabara ileile kwa mwendo uleule, abiria akipima kwa simu karibu na sikio la dereva. Kelele ikishuka, utepe unabanduliwa sehemu moja moja hadi mkosaji ajulikane. Jaribio hili linastahili saa nzima ya Jumapili, kwa sababu tundu dogo huharibu kazi kubwa: uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hauruhusu ukuta huo kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiwa mnene kiasi gani.

Keria ya juu nayo hupiga mluzi. Hewa inayopita kwenye bomba la mviringo huachia vimbunga vidogo kwa zamu, juu na chini. Kwa bomba la milimita 25 na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mlio hufika kama mapigo 220 kwa sekunde. Kamba ikizungushwa kwenye bomba mithili ya nyuzi za parafujo huvunja zamu hiyo na mluzi hukatika.

Hapo ndipo mikeka huja, na si yote hufanya kazi moja. Mkeka wa butili unaobandikwa kwenye bati hutuliza mtetemo. Kufunika robo hadi theluthi ya bati kwa kawaida hutosha. Kinachozuia sauti kupita ni uzito, na kuuongeza mara mbili huleta desibeli 6 kwa makadirio mazuri. Sponji inayonyonya maji iepukwe kwenye gari linalovuka mito, maana chini yake bati huota kutu. Lami ya kuezekea paa pia haifai: jua likiwaka hulainika na kunuka.

Ndani ya Serengeti, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, upepo si hoja tena. Huko kazi ni kukaza boliti, kufunga jeki na spana zisigongane, na kubadili bushi zilizokufa.

Dereva wa miaka mingi apimwe pia masikio. Madhara ya kelele kwa kawaida huanza kuonekana karibu na mapigo 4,000 kwa sekunde, huku mazungumzo ya kawaida bado yakisikika vizuri. Ndiyo maana mwenye tatizo huwa wa mwisho kulijua.