Saudi Arabia: Je, ada ya serikali yaweza kupingwa mahakamani?

Mwaka 2016 ada ya gari dogo kuvuka daraja la Mfalme Fahd, liunganishalo Saudi Arabia na Bahrain, ilipanda kutoka riali 20 hadi 25. Je, asiyeridhika na malipo ya namna hiyo aweza kuishitaki serikali ya kifalme?

Aweza, ingawa si kwa kila amri. Mlango wa kubisha ni Diwan al-Mazalim, chombo chenye makao makuu mjini Riyadh na ambacho mahakama zake zipo pia Jeddah. Jina lake lina asili moja na neno letu dhuluma. Kiliundwa mwaka 1955, kikapewa uhuru wa kimahakama mwaka 1982, na sheria ya mwaka 2007 ikakipangia ngazi tatu za mahakama za utawala.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, jaji aweza kuubatilisha uamuzi wa wizara au manispaa iwapo aliyeutoa hakuwa na mamlaka, utaratibu ulikiukwa, sheria ilitafsiriwa visivyo au madaraka yalitumiwa vibaya. Jaji haulizi kama riali 25 ni nyingi. Huuliza kama aliyezidai aliruhusiwa kuzidai.

Lakini yale yanayohesabiwa kuwa matendo ya mamlaka kuu ya dola hayagusi, na hapo ndipo penye uzito kwa wahamiaji. Julai 2017 wageni walianza kutozwa riali 100 kwa mwezi kwa kila mke au mtoto wanayeishi naye. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa 400. Baadhi ya familia zilitengana, mama na watoto wakarejea makwao. Ada hiyo ilitokana na mpango wa fedha wa serikali kuu. Kuipinga yenyewe ni kazi ngumu kuliko kumpinga ofisa aliyeikokotoa kimakosa.

Mgeni hazuiwi kufungua kesi. Ibara ya 47 ya Sheria ya Msingi ya mwaka 1992 yampa haki ya kushitaki sawa na raia. (Kwa sadfa, ni ibara ya 47 pia katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayomlinda mwananchi dhidi ya maamuzi ya kionevu ya watawala.) Anayechelewa ndiye hupoteza: kanuni za mwaka 2013 zilimtaka mlalamikaji aiandikie kwanza idara husika ndani ya siku 60 tangu apate habari za uamuzi.

Mishahara isiyolipwa ni jambo jingine. Tangu mwaka 2018 madai hayo hupelekwa kwenye mahakama za kazi.