Pikapu kuukuu ya kazi: fedha kidogo ianzie wapi?

Pikapu ya biashara ikilala gereji wiki mbili, ada ya shule nayo imelala. Ndiyo maana matengenezo ya gari la kazi si mazungumzo ya baba na fundi peke yao. Ni bajeti ya nyumba, na mama ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi.

Wengi huanzia kwenye rangi. Gari linanyooshwa bodi, linashonewa viti vipya, linang'aa, halafu linarudi barabarani na breki zilezile. Mteja wa matofali haangalii rangi.

Tuchukue mfano wa Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, yenye injini ya 2L (cc 2,446) au 3L (cc 2,779). Kabla ya kununua hata boliti moja, ingieni chini ya gari na nyundo ndogo, mgongegonge chasisi, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiwa. Kama chuma kimeliwa na kutu hadi kinabonyea, msianze. Hapo ni bora kuliuza kwa spea kuliko kumwaga akiba ya familia.

Chasisi ikiwa nzima, fedha ya kwanza iende kwenye breki, usukani na matairi. Mwambieni fundi afungue magurudumu yote manne, si ya mbele tu, kwa sababu dramu za nyuma huficha breki shuu zilizokwisha na silinda zinazovuja. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yakikaa miaka mingi huchemka mapema mnaposhuka mlima na mzigo, na pedali inazama hadi chini. Kwenye tairi, tafuteni maandishi DOT na msome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani laweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka.

Kisha upozaji wa injini. Injini hizi zikichemka, hedi hupinda au kupasuka, na hapo bajeti yote imekwisha. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa (kamwe si ya moto, na watoto wakae mbali), fungueni kifuniko cha rejeta. Mkiona mafuta yanaelea, au mapovu yasiyokoma injini ikiwashwa, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, simamisheni matumizi mengine yote mpaka hedi na gasketi vikaguliwe. Mafundi wengi hung'oa thamostati wakisema injini itapoa vizuri. Binafsi sikubaliani nao. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hulika mapema na kula dizeli zaidi. Thamostati mpya si kitu cha kuivunja familia.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye gari ambalo mita yake ilikufa zamani, nani anajua limetembea kiasi gani? Badilisheni tu. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na fedha mliyookoa itanunua sehemu ndogo tu ya hedi.

Mitumba inaokoa sana, na mitaa kama Gerezani na Shaurimoyo jijini Dar es Salaam inajulikana kwa hilo. Mlango, taa, kioo, hata giaboksi mnaweza kuchukua mtumba, mkiwa na fundi mnayemwamini. Lakini breki shuu, mipira ya breki, mikanda, sili na matairi nunueni vipya, maana mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Mlipeni fundi kazi kwa kazi, si fedha yote siku moja. Spea nunueni wenyewe, risiti ziwekwe kwenye daftari la nyumbani, na spea ya zamani irudishwe muione. Fundi mzuri hachukii hilo.

Gari likitoka gereji, safari ya kwanza iwe tupu, ya pili nusu mzigo. Baada ya kilomita hamsini hivi kazeni tena nati za magurudumu na mwangalie chini kama kuna kinachovuja. Safari hizo mbili watoto wabaki nyumbani.