Pakeji Ulizohifadhi: Kweli au Si Kweli?

Bando likikaribia kuisha, mtumiaji wa Linux hukumbuka faili za .deb alizokwisha kuzipakua. Kwa nini azilipie mara ya pili? Wazo ni zuri, ila limezungukwa na imani zinazowapotezea watu siku nzima. Hapa nazungumzia Debian na Ubuntu.

“Kila nilichosakinisha kimebaki kwenye diski.”

Nusu kweli. Faili hushukia /var/cache/apt/archives. Ukitumia apt-get, zinabaki humo. Ukitumia amri fupi ya apt, tangu Ubuntu 16.04 ya mwaka 2016, hufutwa mara tu usakinishaji unapokamilika. Wengi hufungua folda hiyo, wakaikuta tupu, wakadhani kompyuta ina hitilafu. Haina. Unapotaka akiba, tumia apt-get.

“Nikinakili folda hiyo kwenye flashi, kompyuta nyingine itapata kila kitu.”

Si kweli, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Niliwahi kubeba flashi yenye VLC hadi maabara ya shule isiyo na intaneti, nikiwa na uhakika kwamba nina kila kitu. Kompyuta ya kwanza tu ilinidai maktaba ambazo sikuwa nazo. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na wanafunzi walikuwa wananisubiri.

Sababu yake ni hii: apt hupakua kile ambacho kompyuta *yako* haina. Maktaba zilizokuwamo tayari hazipakuliwi tena, kwa hiyo hazimo katika folda. Ulichohifadhi ni upungufu wa kompyuta yako siku ile, si mahitaji yote ya programu. Kompyuta ya jirani ina upungufu wake.

Basi mwache mhitaji aandike orodha yake mwenyewe. Kwenye kompyuta inayopokea, fanya apt update, hata kwa intaneti ya simu. Hapo zinashuka orodha tu, si pakeji. Kisha:

apt-get --print-uris install vlc

Utapewa anwani ya kila faili inayokosekana, jina lake na ukubwa wake. Beba orodha hiyo hadi penye intaneti nzuri, pakua, rudi, weka faili katika /var/cache/apt/archives, halafu sakinisha kama kawaida. Tangu nijue njia hii sijarudi tena mikono mitupu.

“dpkg -i itatafuta tegemezi zake.”

Si kweli. dpkg, amri inayosakinisha faili ya .deb moja kwa moja, hulalamika tu kwamba kuna kitu kinakosekana, na pakeji inabaki nusunusu. Andika apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili, bila kusahau ile nukta na mkwaju. Hapo apt itazitafuta tegemezi katika akiba, na isipozipata, mtandaoni.

“.deb ni .deb, popote itafanya kazi.”

Si kweli. Ya amd64 haiingii kwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa arm64. Matoleo nayo hutofautiana: maktaba iliyoitwa libssl3 katika Ubuntu 22.04 inaitwa libssl3t64 katika 24.04. Andika jina la toleo kwenye kila folda ya akiba yako.

“Flashi ya rafiki ni salama kama hazina rasmi ya pakeji mtandaoni.”

Si kweli, na hapa sina mzaha hata kidogo. Saini ya Debian huwekwa juu ya orodha ya hazina, na orodha ndiyo inayobeba alama ya SHA256 ya kila faili. Faili ikifika peke yake mkononi, dpkg -i haiulizi imetoka wapi, na inaendeshwa kwa mamlaka yote ya root. Linganisha jibu la sha256sum na alama inayoonyeshwa na apt-cache show kwa toleo lilelile. Zikipishana hata herufi moja, futa faili hiyo.

“clean na autoclean ni kitu kimoja.”

Si kweli. Ya kwanza hufuta akiba yote; ya pili huondoa tu pakeji ambazo hazipatikani tena katika hazina.

Na wewe mwenye maabara yenye kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja, weka flashi kando. Sakinisha apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, uzielekeze nyingine zote kwenye mlango wake wa 3142. Pakeji itapita kwenye bando lako mara moja, na kompyuta zilizobaki zitaichukua humo ndani.