Kusasisha seva kuna utaratibu wake, kuupuuza ni kujitakia hasara

SEVA ni tarakilishi inayohifadhi data na kuhudumia tarakilishi nyingine. Ndiyo hutunza rekodi za wagonjwa hospitalini, akiba za wanachama wa chama cha ushirika na alama za wanafunzi chuoni. Kwa kuwa hufungiwa ndani ya chumba chake na kufanya kazi usiku na mchana, wakuu wengi wa mashirika huisahau hadi siku itakapozima.

Wengi wanafahamu umuhimu wa kusasisha mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux. Hata hivyo, zipo programu mbili nyingine zisizotajwa sana. Ya kwanza ni famuwea, yaani maagizo ambayo mtengenezaji huyapachika ndani ya kifaa chenyewe, kiwe ni ubao mkuu, diski au kadi ya mtandao. Ya pili ni kiendeshi, programu inayokaa ndani ya mfumo wa uendeshaji na kuuwezesha kuwasiliana na kifaa hicho. Hizi mbili ni kama watu wanaosemezana: mmoja akibadilisha msamiati bila ya kumwarifu mwenzake, maelewano huvunjika.

Je, kuna hatari gani zisiposasishwa? Mfano bayana ulitokea Novemba 2019. Kampuni ya Hewlett Packard Enterprise (HPE) ya Marekani iliwaonya wateja wake kwamba baadhi ya diski za kielektroniki katika seva zake zilikuwa na kasoro kwenye famuwea. Diski hizo zingekufa zikishatimiza saa 32,768 za kufanya kazi, muda ambao ni sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Wala si diski pekee ambayo ingepotea. Data iliyomo nayo isingeweza kuokolewa.

Kwa anayejua hesabu za tarakilishi, nambari hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ukizidisha 2 kwa 2 hadi kuwe na mbili 15, utapata 32,768. Kihesabio cha aina fulani hufika 32,767 na kukosa nafasi ya kuongeza moja zaidi. Machi 2020, kampuni hiyo hiyo ilitoa onyo la pili kuhusu diski nyingine ambazo zingekufa zikifikisha saa 40,000, yaani miaka 4, siku 206 na saa 16. Katika visa vyote viwili, tiba ilikuwa ni famuwea mpya.

Uzito wa jambo hili unatokana na namna seva zinavyoundwa. Data husambazwa katika diski kadhaa ili moja ikifa, nyingine zifidie. Lakini diski zilizonunuliwa na kuwashwa siku moja huhesabu saa kwa pamoja. Zikiwa na kasoro hiyo, zitakufa karibu wakati mmoja, na kinga yote itabatilika. Atakayenusurika ni yule aliyehifadhi nakala za akiba mahali pengine.

Msomaji anaweza basi kudhani kwamba dawa ni kusasisha kila kitu papo hapo. La hasha! Haraka haraka haina baraka. Januari 2018, baada ya udhaifu wa Meltdown na Spectre kufichuliwa katika vichakataji, Intel ilitoa famuwea ya kuziba mianya. Ilipofika tarehe 22 mwezi uo huo, kampuni hiyo iliwaomba wateja waache kuisambaza kwa kuwa baadhi ya tarakilishi zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe.

Kisa kingine ni cha Julai 19, 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi, saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili yenye kasoro kwa wateja wake duniani. Faili hiyo ilisomwa na kiendeshi kilichomo katika kiini cha Windows, na tarakilishi zikagoma kuwaka. Kampuni iliiondoa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika. Nyingi zilihitaji fundi afike mwenyewe na kuifuta faili hiyo.

Mafunzo ya visa hivi ni kwamba kuna hatari katika kuchelewa na vilevile katika kukurupuka. Kinachohitajika ni utaratibu.

Kwanza, orodhesha kila seva, vifaa vilivyomo na matoleo ya famuwea na viendeshi vyake. Pili, soma maelezo yanayoandamana na toleo jipya ili ujue linatibu nini, na iwapo laweza kurudishwa nyuma, mengine hayarudi. Tatu, pakua kutoka kwa mtengenezaji pekee, na ikiwezekana tumia furushi ambalo famuwea na viendeshi vyake vimekwisha kujaribiwa pamoja.

Nne, hifadhi nakala za akiba, kisha jaribu kuzirejesha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Tano, anza na seva moja isiyo na kazi nyeti, uichunguze kwa siku kadhaa, ndipo uendelee na nyingine moja baada ya nyingine. Usichague mwisho wa mwezi wakati mishahara inapolipwa. Mwishowe, hakikisha kwamba toleo jipya ndilo linalotumika kweli, na uandike tarehe na jina la aliyefanya kazi hiyo.

Fauka ya hayo, suala la umeme halifai kupuuzwa hapa kwetu. Famuwea inapoandikwa upya, stima ikipotea katikati, kifaa chaweza kubaki bila maagizo kamili na kisiwake tena. Baadhi ya seva huweka nakala ya pili ya famuwea kwa ajili ya dharura kama hiyo, ila si vifaa vyote vilivyo na bahati hiyo. Kazi hii isianze kabla ya kuhakikisha kwamba betri za akiba zina nguvu ya kutosha.

Aidha, mashirika yanayonunua seva zilizokwisha kutumika yanapaswa kuwa macho zaidi. Diski haianzi kuhesabu saa upya kwa sababu imepata mwenyeji mpya. Huendelea pale ilipoachia. Tena, baadhi ya watengenezaji huwapa famuwea fulani wateja wenye dhamana au mkataba wa huduma pekee. Bei nafuu ya leo yaweza kuandamana na gharama hiyo kesho, na heri iingizwe katika bajeti mapema.

Si lazima meneja wa hospitali au mwenyekiti wa chama cha ushirika awe fundi. Lakini ana haki ya kumuuliza fundi wake maswali mawili: diski zetu zimefanya kazi kwa saa ngapi, na ni lini mara ya mwisho tulipojaribu kurejesha nakala za akiba? Saa hizo husomeka kwa programu za bure kama vile smartctl, kwa muda wa dakika chache. Iwapo hakuna anayejua jibu, kazi ianzie hapo.