Sheria Yataka Ndoo Mbili, Nyumbani Ipo Moja

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, ndoo ya taka ni moja. Humo huingia maganda ya muhogo na ya ndizi, chicha za nazi, majani ya chai, chupa ya plastiki na nepi ya mtoto. Asubuhi hupita kijana wa mkokoteni, akalipwa chake, akaondoka nayo. Inakoishia, ni wachache waulizao.

Yafaa kuulizwa. Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilirundikwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, hata jaa lile likafungwa na mahali pake pakapandwa miti. Mzigo ukaelekezwa Mwakirunge, huko Kisauni, ambako nako wanaishi watu. Na sehemu kubwa ya mzigo huo si taka hasa, bali ni mabaki ya jikoni ambayo yangeweza kurudi ardhini. Yakifukiwa jaani bila hewa, huoza vibaya na kutoa gesi ya methani, inayochangia joto la dunia na kuwasha moto jaani.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeagiza taka zisizo na sumu zitenganishwe pale pale zinapotoka: zinazooza kando, zisizooza kando, katika vyombo vyenye alama na rangi mbalimbali. Katiba ya 2010 nayo imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Agizo ni jema. Lakini mama akitenganisha jikoni, kisha mkokoteni ukachanganya tena barabarani, kazi yake imekwenda bure, na kesho hatatenganisha. Hapa ndipo kivutio kinapohitajika, tena kiwe cha kushikika mkononi.

Korea Kusini yatupa mfano. Mwaka 2005 ilipiga marufuku mabaki ya chakula kufukiwa jaani, na kuanzia 2013 ikawatoza watu kwa kadiri ya mabaki wanayotupa. Atupaye kidogo hulipa kidogo. Hapa kwetu si lazima kupima kwa mizani. Yatosha ada ya mkokoteni ipungue kwa nyumba inayotoa ndoo mbili, na kaunti imfidie kijana anayezoa. Serikali imekuwa ikipunguza bei ya mbolea ya viwandani tangu mwaka 2022. Sioni kwa nini mboji ya kina mama isipewe hadhi kama hiyo.

Utengenezaji wake hauna siri. Tandaza majani makavu, ya mwembe au ya mwarobaini, juu yake maganda na chicha, kisha samadi kidogo. Lamu haikosi ya punda. Majani makavu yazidi mabichi. Lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila baada ya siku chache ili lipate hewa. Likishika vyema, joto la ndani hupita nyuzi 55, na hilo huua vijidudu na mbegu za magugu. Samaki, nyama na mafuta yasitiwe, ama paka wa mtaa mzima watakuwa wageni wako. Makumbi ya nazi huchelewa mno kuoza. Yakatwekatwe kwanza au yaachwe. Baada ya miezi michache hupatikana udongo mweusi wenye harufu ya mvua. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, na mboji ndiyo huushikisha. Mchicha na bamia zitashuhudia.

Kuhusu pilau inayobaki harusini, hiyo si ya lundo. Israfu imekatazwa, nayo huanzia sufuriani. Ipikwe kwa kiasi, ibakiayo wapewe majirani.

Chama cha wanawake kilichosajiliwa kina milango miwili isiyotumiwa sana. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi bila riba, ila hutoza ada ya usimamizi ya asilimia 3. Mwenye shaka juu ya ada hiyo amuulize sheikh wake kabla ya kutia sahihi. Pili, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Bustani za kaunti na vitalu vya miche vinahitaji mboji. Madrasa yenye uwanja ikitoa pembe moja ya lundo, vijana wa mikokoteni wakaleta ndoo za kijani, ushirika umekamilika kabla ya mfadhili yeyote kufika.

Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Nendeni na ombi moja tu lililoandikwa: punguzo la ada kwa ndoo mbili. Na kikao kikitangazwa saa ya kupika, msimamizi wa wadi aombwe akisogeze baada ya Alasiri.