Upatanisho wa Kisarufi na Viumbe wa Ajabu katika Riwaya ya Fantasia kwa Watoto

Riwaya ya safari na maajabu inayowalenga wasomaji wa miaka 9 hadi 12 huzungumziwa mara nyingi kana kwamba ni mgeni katika Kiswahili. Historia ya uchapishaji haiungi mkono dai hilo. Elisi katika Nchi ya Ajabu ilitoka mwaka 1940, na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambayo kisa chake kina asili katika Alfu Lela Ulela, ilitoka mwaka 1952. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni namna sarufi yenyewe inavyoshiriki katika kuumba maajabu hayo.

Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanageuzwa nyani kwa nguvu za jini, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuamua iwapo nyani huyo atarejelewa kwa kiwakilishi cha mtu au cha kitu. Kiswahili sanifu hakitoi nafasi hiyo: ndugu analia, nyani analia. Mwili umebadilika, kiambishi a- kimebaki. Msomaji hapewi ishara yoyote ya kisarufi kwamba utu umeondoka, na kwa hiyo kila kiboko kinamwangukia mtu. Hata anwani ina mchezo wake, uwe wa makusudi au la. Nduguze ni ndugu zake, na kimilikishi hicho hufuata ngeli ya N ilhali kitenzi hufuata ngeli ya watu. Kwa sarufi sanifu, nyani angekuwa nyani wake. Kwa kipimo cha kimilikishi, basi, mnyama ndiye aliyepewa upatanisho wa mtu.

Uhuru wa mwandishi huanzia mahali pengine, kwa viumbe ambao nomino zao ziko mpakani: zimwi, jitu, jini, kiumbe. Zimwi lilimmeza mtoto na zimwi alimmeza mtoto ni sentensi zinazosikika zote mbili, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inaonyesha ukubwa na kitisho. Ya pili inakiri kwamba zimwi lina nia, na pengine lina huzuni. Vivyo hivyo kofia ikasema ni ajabu ya kitu kutoa sauti, ilhali kofia akasema ni mhusika aliyekwisha kuingia hadithini. Kuiita hali hii tashihisi na kuishia hapo ni uvivu wa uchambuzi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji kama mtoto wa Keza, wilayani Ngara, anayekulia penye Kihangaza na Kishubi, lugha zilizo katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Katika Kirundi na Kinyarwanda mnyama hufuata ngeli ya jina lake: imbwa iramoka, si kwa kiambishi cha mtu kama mbwa anabweka. Sungura wa porini ni urukwavu na huchukua ru-. Yule wa hadithini ni Bakame, naye huchukua a-. Kwa maneno mengine, lugha hizo hutenganisha kisarufi mnyama wa kawaida na mnyama mhusika, tofauti ambayo Kiswahili sanifu huifuta. Mtoto aliyezoea mfumo wa namna hiyo akiandika nyani inalia, atapata alama ya mkasi. Kosa ni kosa, lakini chanzo chake si uzembe, na mwalimu mwenye Adili na Nduguze mkononi ana mahali pazuri pa kulieleza kuliko jedwali la ngeli.

Wahariri nao wanahusika. Desturi ya kusawazisha upatanisho katika mswada mzima inafaa kwa kitabu cha jiografia. Katika fantasia inaweza kufuta tukio. Tuchukulie mswada ambamo zimwi ni li- kwa sura tatu, kisha linamtaja mama yake kwa jina, na kuanzia hapo huwa a-. Mhariri asiyeuliza sababu atarudisha li- kote, na mtoto atasoma juu ya dude lililojua jina la mama yake, bila kuona ni sentensi ipi iliyoligeuza kuwa mtu.