Je, Sheria Imruhusu Daktari Kumsaidia Mgonjwa Kufa?

Maneno "mauaji ya huruma" yamezoeleka katika mazungumzo yetu, na kwa bahati mbaya yamekuwa kama gunia moja ambamo vitu vinne visivyofanana hutiwa pamoja. Kabla ya kuuliza iwapo sheria iruhusu au ikataze, hatuna budi kulifungua gunia hilo.

Kitu cha kwanza ni daktari kumdunga mgonjwa dawa ya kumwua, kwa ombi la mgonjwa mwenyewe. Cha pili ni daktari kumwandikia mgonjwa dawa hiyo, kisha mgonjwa akainywa kwa mkono wake. Cha tatu ni kuacha tiba isiyoleta tena faida, mathalani kuizima mashine ya kupumulia, ugonjwa ukafuata njia yake. Cha nne ni kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu makali, ijapokuwa dawa hiyo ina hatari zake. Ubishi wa kisheria duniani hivi sasa unahusu viwili vya kwanza. Viwili vya mwisho vimekubaliwa na maadili ya udaktari karibu kila mahali, ila katika wodi zetu bado vinaogopwa kana kwamba ni vile vya kwanza, na hofu hiyo ina gharama yake, kama tutakavyoona.

Sheria za nchi nyingine

Uswisi ndiyo iliyotangulia, ingawa bila kukusudia sana. Kanuni yake ya adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1942, humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua pale tu anapofanya hivyo kwa manufaa yake binafsi. Asiye na tamaa hana kosa.

Uholanzi, nchi ambako mwandishi wa makala haya alisomea shahada yake ya uzamivu, ilifika huko kwa njia ya mahakama. Mwaka 1973 daktari mmoja, Geertruida Postma, alihukumiwa katika mji wa Leeuwarden kwa kumdunga mama yake mzazi, aliyekuwa amepooza na kuomba kufa, dozi kubwa ya mofini. Alipewa kifungo cha wiki moja, tena cha nje. Ilichukua takribani miaka 30 ya kesi na mijadala hadi sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Watu wengi hudhani kwamba sheria hiyo imefuta kosa. Sivyo. Kumwua mtu kwa ombi lake kungali kosa la jinai Uholanzi; daktari husalimika tu akithibitisha kwamba ombi lilikuwa la hiari na la kufikiriwa, kwamba mateso hayakuvumilika wala hayakuwa na matumaini ya kupungua, kwamba hapakuwa na njia nyingine ya busara, na kwamba daktari mwingine asiyehusika alimwona mgonjwa. Kisha hana budi kupeleka taarifa ili kamati ipitie kila jambo.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilichagua ule mlango wa pili. Sheria yake ilipigiwa kura na wananchi mwaka 1994 na kuanza kutumika mwaka 1997: mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye madaktari wawili wamekadiria kuwa hana zaidi ya miezi sita ya kuishi, aweza kuandikiwa dawa na kuinywa mwenyewe. Ubelgiji ilifuata nyayo za Uholanzi mwaka 2002, Kanada mwaka 2016, na New Zealand mwaka 2021, baada ya kura ya maoni ya wananchi.

Katika bara letu, swali lilifika mahakamani Pretoria mwaka 2015. Wakili Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliomba ruhusa ya kusaidiwa kufa, na tarehe 30 Aprili mahakama ikamkubalia. Hakuwahi kuitumia: saa chache kabla ya amri kutolewa alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa wake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini ilitengua uamuzi huo Desemba 2016.

Kwetu Afrika Mashariki, Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, ambazo asili yake ni sheria za wakoloni, zinamtishia anayemsaidia mtu kujiua kwa kifungo kinachoweza kufika maisha. Jambo moja limetikisika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Lakini haugusi suala la daktari.

Mofini ni nini hasa

Sasa naomba msomaji aniruhusu niingie katika fani yangu, kwani famasia ina neno lake hapa.

Mofini ilitengwa kutoka katika afyuni na mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Inapoingia mwilini hujishika kwenye vipokezi maalumu vilivyo katika uti wa mgongo na ubongo, na kwa kufanya hivyo huzuia habari ya maumivu isipande na kutambuliwa kwa ukali wake. Nguvu yake hudumu kwa muda wa saa nne hivi, ndiyo maana mgonjwa huipata kila baada ya saa nne, si pale tu anapolia. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani ambao kiini chake ni rahisi mno: dawa ipitie kinywani, itolewe kwa saa, na ipandishwe ngazi kwa ngazi kadiri ya maumivu.

Ni kweli kwamba mofini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua na yaweza kuua. Lakini anayeanza na dozi ndogo ya kunywa na kuongezewa taratibu husinzia kwanza kabla ya pumzi yake kufika hatarini, na usingizi huo ndio onyo kwa muuguzi. Kichefuchefu hupita baada ya siku chache. Kufunga choo hakupiti, hivyo dawa ya kulainisha choo huambatanishwa tangu siku ya kwanza. Dhana kwamba mofini ya saratani ni njia ya kumwua mgonjwa polepole haina msingi inapotumiwa kwa utaratibu huu.

Uganda imetuonyesha kwamba jambo hili halihitaji utajiri. Tangu mwaka 1993, Daktari Anne Merriman na wenzake wa Hospice Africa Uganda walitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu zisichanganywe, ikatolewa katika chupa za plastiki. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika. Huduma ya aina hii, ambayo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa, ipo pia Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na Nairobi tangu mwaka 1990. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya takribani tani 300 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata kama kilo 100 tu.

Ijumaa hadi Jumatatu

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alilazwa kwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mofini ilikuwapo, ndani ya kabati la kufuli mbili kama sheria inavyotaka, lakini mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Aliyekuwa zamu alimpa vidonge vya maumivu ya kichwa. Usiku wa Jumamosi shangazi alinishika mkono akaniambia, "Baba, wewe si umesomea dawa? Basi nipe ya kulala nisiamke." Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika elimu ya dawa, nilimjibu kwa neno lile tunalowapa wagonjwa wetu wote: "Vumilia, shangazi."

Je, ombi lile lilikuwa la hiari? Uholanzi lisingekubaliwa, kwani sharti la kwamba hakuna njia nyingine lisingetimia; njia ilikuwapo, hatua 20 kutoka kitandani, ndani ya kabati. Kwa sababu hiyo siungi mkono kuileta kwetu leo sheria ya kusaidiwa kufa. Sheria ya namna hiyo hudai madaktari wawili, muda wa kungoja na kamati ya kukagua; ilhali katika hospitali nyingi za wilaya hata huyo mmoja wa kuandika mofini hapatikani mwisho wa juma. Tutakuwa tumempa mgonjwa haki ya kuchagua kati ya mauti na mateso, kisha tumwite huru. Nina hofu nyingine pia, ambayo wazee watanielewa: mgonjwa aliyeona shamba limeuzwa kwa ajili ya matibabu yake aweza kuomba kufa kwa kuwahurumia watoto wake, na hakuna fomu itakayoligundua hilo.

Lakini nisijifanye nimelimaliza swali. Taarifa za Oregon za miaka mingi zinaonyesha kwamba sababu inayotajwa na wengi zaidi si maumivu, bali ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo. Tena takribani theluthi moja ya walioandikiwa dawa hawakuinywa. Yamkini kwao ilitosha kujua ipo. Wenzangu wanaosema kwamba tiba shufaa ikienea hakuna mtu atakayeomba kufa, wanasema zaidi ya wanachokijua. Mofini haina kipokezi cha aibu.

Mwenye ufunguo alirudi Jumatatu saa nne asubuhi. Shangazi alipewa mililita tano za mofini katika kikombe kidogo, na saa nane mchana akaomba uji. Aliishi wiki 11 zaidi, nyumbani, akipewa dozi zake na binti yake kwa kufuata saa ya ukutani. Neno la kutaka kufa alilirudia mara moja tu katika wiki hizo, akiwa hana maumivu yoyote, siku aliposhindwa kwenda msalani peke yake.